Kujuana ni Deni

Katika nchi ya Kanada, Chuo Kikuu cha Winnipeg kilianza mwaka 2016 kumpasisha kila mwanafunzi mpya wa shahada ya kwanza asome walau somo moja juu ya wenyeji wa asili wa nchi ile, historia yao na mila zao. Hapo huzuka suali: Je, ni haki kumlazimisha mtu kujifunza habari za wenziwe?

Sisi twaona ni haki. Serikali ya huko, ikisaidiana na makanisa, iliwatia watoto wa wenyeji zaidi ya 150,000 katika shule za bweni, wengi kwa nguvu, wakakatazwa kusema lugha zao. Shule za mwisho zilifungwa katika miaka ya 1990. Aliyedhulumiwa hana haja ya kufunzwa dhuluma hiyo, aijua. Asiyeijua ni mwana wa aliyefaidika, naye atarudishaje haki asiyoijua?

Lakini elimu pasina amali ni hoja juu ya mwenyewe. Atakayefuzu mtihani kisha akazidi kumdharau jirani yake, hakusoma kitu.

Mwenyezi Mungu ametubainishia katika Suratul Hujurat kuwa ametujaalia mataifa na makabila ili tujuane. Basi, ndugu zetu wa mwambao, na tujiulize: ni wangapi miongoni mwetu wajuao habari za Wamijikenda, jirani zetu wa karne nyingi, na wengine wao ndugu zetu katika dini, zaidi ya bei ya nazi zao sokoni? Jambo hili halingoji chuo kikuu. Madrasa yatosha kulianza.