Nyoka Ndani ya Nyumba: Hukumu Yake, na Wajibu wa Kumtambua

Bismillahi Rahmani Rahim. Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake (S.A.W.), twapenda kuwajibu ndugu zetu juu ya jambo lililoulizwa mara nyingi katika darsa, hasa nyakati hizi za mvua ambapo wadudu hutoka mashimoni. Mtu akiona nyoka ndani ya nyumba yake, chini ya kitanda, au nyuma ya gunia la mchele, au amejizinga katika boriti, afanye nini? Amuue, amwache, au aite mganga?

Tukitazama hali ya miji yetu ya pwani twaona watu wamegawanyika. Wako wasemao kuwa nyoka huyo ni mwenye nyumba, yaani jini mlinzi au roho ya mzee aliyekufa, basi humtilia maziwa na yai pembeni, wakafukiza ubani na kumwomba radhi. Wako wampigao kila nyoka mpaka afe, hata akiwa mwembamba kama ugwe na hana dhara lolote. Na wako wakimbiliao kwa fundi wa mizungu, akawaambia kuwa nyoka ametumwa na jirani, na hakuna dawa ila mbuzi mweusi na hirizi juu ya mlango. Mbuzi huliwa na fundi, na jirani aliye safi hununiwa mwaka mzima.

Makundi haya, juu ya kuhitilafiana kwao, yamekutana katika jambo moja: hapana hata moja lililomtazama nyoka mwenyewe. Hakuna aliyeuliza huyu ni nyoka gani, ana rangi gani, kichwa chake na mkia wake vikoje. Na hili ndilo tutakalo kulisema leo, kwamba kumtambua nyoka si elimu ya Wazungu peke yao kama wadhanivyo baadhi ya watu, bali ni jambo ambalo asili yake imo katika Sunna.

Katika Bukhari na Muslim imepokewa kuwa Ibn Umar alikuwa akiua kila nyoka, hata Abu Lubaba akamjulisha kwamba Mtume (S.A.W.) amekataza kuua nyoka wa majumbani. Na katika mapokezi ya makatazo hayo wametolewa nyoka wa namna mbili: mwenye mistari miwili mgongoni, na mwenye mkia mfupi, kwa kuwa hao huondoa nuru ya macho na kuharibu mimba. Tazameni, ndugu zangu! Mtume hakuwaambia watu kwamba nyoka wote ni mamoja. Aliwapa alama za kutazama kwa macho, mistari na mkia, na akaeleza na dhara lenyewe. (Maulamaa wamesema mengi juu ya namna nyoka anavyoweza kuondoa nuru ya macho. Sisi watu wa pwani hatuna haja ya kulistaajabia sana, maana twamjua swila atemaye mate ya sumu machoni mwa mtu kwa mbali, ingawa hatusemi kwamba ndiye yeye aliyekusudiwa.)

Ama kisa ambacho waganga hukitegemea, nacho ni sahihi, kimo katika Muslim kwa mapokezi ya Abu Said al-Khudri. Kijana mmoja mwenye harusi mpya alikuwa akiomba ruhusa mchana katika siku za Khandaq kwenda kumtazama mkewe. Siku moja akamkuta mkewe amesimama baina ya milango miwili. Wivu ukampanda akataka kumchoma mkuki, naye mke akamwambia aingie ndani atazame kilichomtoa. Akaingia, akamwona nyoka mkubwa amejizungusha juu ya tandiko. Akamchoma, akatoka naye, akausimika mkuki uani, na nyoka akamgeukia. Haikujulikana ni nani aliyetangulia kufa, kijana au nyoka. Mtume (S.A.W.) akawajulisha kwamba Madina wamo majini waliosilimu, basi wakionapo kitu katika hao wakionye siku tatu, kikidhihiri baada ya hapo wakiue.

Twaiamini hadithi hii kama ilivyokuja, wala hatuwafuati wanaokanusha majini. Walakini yaliyomo humo yanatosha kuwavunja hao waganga. Mtume ameamrisha kuonya, na kuonya ni kwa ulimi. Mbuzi yuko wapi? Ubani uko wapi, na maziwa, na yai? Hatukuona katika mapokezi hata neno moja juu ya kumlisha nyoka wala kumwomba ridhaa. Zaidi ya hayo, maulamaa wenyewe wamehitilafiana: wako waliosema onyo hilo ni la Madina peke yake kwa kuwa ndiko majini hao walikotajwa, na wako waliosema ni la nyumba zote. Atakaye kufuata kauli ya pili na afuate, ni kauli ya watu wa elimu. Lakini onyo la siku tatu halikumlazimisha mtu kulala chumba kimoja na nyoka wa sumu pamoja na watoto wake. Atoe watu, afunge mlango, azibe chini yake kwa nguo, kisha atafute mjuzi wa kumtoa. Sharia iliyoruhusu kumuua nyoka na nge hata mtu akiwa ndani ya Sala haiwezi kuwa imemfunga mikono mbele ya hatari iliyo wazi.

Na iko itikadi nyingine, kwamba ukimuua nyoka, mwenzake atakufuata kulipa kisasi. Haya waliyasema Waarabu wa Jahiliya kabla ya bibi zetu kuyasema, na katika Abu Dawud, kwa Ibn Masud, Mtume amemkemea vikali mwenye kuacha kuwaua kwa kuogopa kisasi chao. Nyoka hana ndoa wala ukoo wa kulipiziana. Wakionekana wawili mahali pamoja, aghlabu ni kwa sababu mahali hapo pana panya, au pana kivuli na unyevu.

Sasa na tuje kwenye kumtambua, maana hapa ndipo penye kuokoa roho.

Nyoka aonekanaye mara nyingi ndani ya nyumba zetu usiku ni yule wa rangi ya udongo au kahawia, mwenye magamba ya kung'ara na mstari mweupe upitao kichwani penye jicho. Huyu hana sumu. Chakula chake ni panya na mijusi, humkaba panya kwa kumzinga mpaka afe, na lau watu wangejua wangemwona ana faida kuliko paka mvivu. Huyu ndiye aghlabu apewaye jina la mwenye nyumba, akaandaliwa maziwa asiyoyataka.

Kifutu, ambaye wengine humwita moma au bafe, ni mnene na mfupi, ana alama kama mishale mgongoni, na hufoka kwa sauti. Dhara lake ni uvivu: husikia nyayo asiondoke, hata akakanyagwa. Hukaa katika rundo la kuni, majani makavu na njia ya shamba, kwa hiyo zaidi huwapata watu wa viungani.

Swila mkubwa wa kahawia wa pwani yetu ana habari ya kuzingatiwa. Miaka mingi wataalamu walimhesabu kuwa ni namna tu ya swila mwenye shingo nyeusi, hata mwaka 2007 ilipothibitishwa kwamba yeye ni jinsi mbali, naye aweza kupita mita 2.5. Akaitwa kwa jina la James Ashe, aliyeanzisha kituo cha nyoka cha Bio-Ken huko Watamu mwaka 1980. Miaka yote hiyo nyoka huyu alikuwa akiingia mabandani mwetu kula kuku na mayai, nasi tukimwita shetani. Aliyetemewa na swila machoni asiyafikiche, bali ayaoshe papo hapo kwa maji mengi mno kwa muda mrefu, kisha aende hospitali.

Koboko ni mrefu, mwepesi, wa rangi ya majivu au kijani kilichofifia. Weusi wake ni wa ndani ya kinywa, si wa ngozi. Na nyoka wa kijani, ambao wengi wetu huwaita wote ukukwi, si mamoja. Wako wasio na dhara, wembamba, wenye madoadoa na macho makubwa, na yuko ndugu yake koboko, wa kijani kitupu na kichwa kirefu, akaaye katika miembe na mikorosho, na sumu yake hukata pumzi. Asiye mjuzi hawezi kuwatenga kwa mtazamo mmoja, basi kila wa kijani na aachwe mahali pake.

Lakini anayewadanganya wengi ni yule mdogo mweusi, mwenye kichwa kidogo kisichotofautika na shingo, atokaye ardhini baada ya mvua akaingia hadi sebuleni. Watoto humdhania nyungunyungu, au yule nyoka kipofu wa vyungu vya maua ambaye hana sumu. Mtu mzima humkamata nyuma ya kichwa kwa ushujaa, naye hulipindua jino lake ubavuni mwa kinywa akamchoma kidole. Nyoka huyu hakamatiki kwa salama kwa namna yoyote ya mkono, na dawa ya kuitengua sumu yake haipo. Wala msiitegemee ile kauli kuwa mwenye sumu hujulikana kwa kichwa cha pembe tatu. Koboko na swila hawana kichwa hicho, na nyoka wengi wasio na sumu huvitandaza vichwa vyao waogopapo.

Tunalolitaka ni kwamba mtu asimame mbali, atazame rangi, unene na mwendo, apige picha kwa simu akiweza, ampelekee ajuaye. Asimkimbize, wala asichezee aliyekufa, kwani kichwa kilichokatwa huweza kuuma bado. Kijana wa Madina alikuwa na mkuki mkononi, na nyoka yu juu ya ncha yake.

Ama aliyeumwa, hapa ndipo msiba wetu ulipo. Mtoto huumwa magharibi. Huitwa mganga, akachanja kwa wembe, akafunga kamba mguuni mpaka nyama ikafa, akabandika jiwe jeusi, akasema sumu imetoka. Usiku wa manane kope za mtoto zinaanguka, hawezi kumeza mate, na kufika alfajiri, hospitali inapokea maiti. Na siku ya tatu watu hukaa mkekani wakasema ndiyo siku zake. Naam, ajali ni ya Mungu, lakini nani aliyewapa ruhusa ya kuziacha sababu?

Watajibu kwamba mganga fulani amewaponya wengi. Tusikize hesabu. Shirika la Afya Duniani lakisia kuwa watu kama milioni 5.4 huumwa na nyoka kila mwaka, na walioingiwa na sumu ni baina ya milioni 1.8 na 2.7. Maana yake ni kwamba karibu nusu yao, au zaidi, hawana sumu mwilini, ama kwa kuwa nyoka hakuwa nayo, ama aliuma asiimwage. Hao watapona kwa jiwe, na kwa majani, na pasina kitu chochote. Huo ndio mtaji wa mganga. Na katika waliobaki, hufa kila mwaka baina ya watu 81,000 na 138,000.

Hatukatazi kusoma. Masahaba walimsomea Fatiha mkuu wa kabila aliyeumwa, akapona, na Mtume akawakubalia. Na imepokewa kwamba yeye mwenyewe alipoumwa na nge alisoma huku akitia maji na chumvi. Basi alikusanya kisomo na tiba, hakukifanya kimoja kuwa badala ya kingine. Nanyi someni Fatiha ndani ya gari mkielekea hospitali! Mgonjwa alazwe, atulizwe, asitembezwe, avuliwe pete na bangili kabla mwili haujafura, asichanjwe, asifyonzwe, asifungwe kamba ya kukata damu, asipakwe mafuta ya taa. Na akifika, daktari amwangalie muda wa siku nzima hata akionekana mzima.

Juu ya kujilinda hatutasema mengi. Mtume (S.A.W.) amefundisha kukung'uta tandiko kabla ya kulala, kwa kuwa mtu hajui ni nini kilichoingia nyuma yake, na amefundisha kufunga milango na kufunika vyombo usiku. Anayefanya hayo, akaziba mashimo ya ukuta na ya mfereji, akaondoa taka zilizo uchochoroni, atapungukiwa na panya, na panya wakipungua nyoka hana la kufuata. Moshi wa udi ni mzuri kwa nguo.

Limebaki neno moja kwa wazee wa misikiti na wa vyama. Dawa ya kupambana na sumu ya nyoka hufanywa kwa kumdunga farasi sumu kidogo kidogo hata damu yake ikapata nguvu ya kuitengua, nayo huwa ghali, na mgonjwa mmoja aweza kuhitaji chupa nyingi. Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya maradhi yaliyopuuzwa. Kuwa na dawa hii katika mji, kwa maoni yetu, ni fardhi ya kifaya: isipokuwapo wakaaji wote wenye uwezo wana dhambi. Na wachague watu wawili waende hospitali ya karibu nao wiki hii, waulize dawa hiyo ipo au haipo, chupa ngapi, inafaa kwa nyoka gani, na inakwisha lini, kisha watangaze jibu baada ya Sala ya Ijumaa. Ikiwa haipo, kapu la mchango linajulikana lilipo.

Wallahu aalam.