Kuziba na Kuficha

Msomaji mpenzi, wahenga walituachia methali mbili ambazo kwa mtazamo wa kwanza huonekana kugombana. Moja yasema, "Usipoziba ufa utajenga ukuta." Nyingine yasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua." Ile hutuhimiza kufunika penye kasoro; hii hutuonya tusifunike. Je, kuziba na kuficha ni tendo moja lenye majina mawili? Mimi nilifundishwa jibu na nguo.

Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nikifundisha Bungoma, nilijizoeza kushona mifarishi ya vitanda yenye nakshi za kupachika. Kazi hii hudai mpango kuliko wepesi wa mkono. Kwanza picha nzima huchorwa kwenye karatasi. Vitambaa hufuliwa kabla ya kukatwa, maana pamba mpya hunywea na rangi nyingine huchuja. Kila kipande huachiwa ukingo wa nusu sentimita wa kukunjwa ndani. Hupigwa bandi, kisha hushonwa kwa mishono midogo.

Mjane mmoja wa Kitale aliniagiza mfarishi kwa ajili ya binti yake aliyekuwa akienda shule ya bweni. Kitale iko kwenye kimo cha mita 1,900 hivi, na baridi ya usiku wake haina masihara. Nilichora mahindi katikati, na pembeni Mlima Elgon, unaoonekana kutoka miji yetu yote miwili. Nguo ya kupachikia ilikuwa shuka la mtumba. Katikati yake nikakuta mahali palipochakaa, upana wa kiganja. Ilinipasa kupakata na kutia kiraka kizima kwa chini, kazi ya jioni mbili. Badala yake niliuhamisha mlima, nikauweka juu ya uchakavu ule. Picha ikapendeza kuliko mpango wa kwanza. Mama yule akanisifu na kunilipa.

Nguo ilipofuliwa mara ya tatu, mlima ulitoka pamoja na shuka lililokuwa chini yake. Mama alikuja nayo Bungoma. Hakunigombeza, aliuliza swali moja tu: "Mwalimu, ulijua?"

Nilijua. Nilimrudishia fedha zake, nikamshonea mfarishi mwingine bila malipo. Lakini binti yake alikuwa amekwisha kulala na baridi majuma mawili.

Baadaye nilisoma habari za Wakuba wa Kasai, katika Kongo. Nguo yao ya ukindu wa mrafia ni ngumu, hivyo hutwangwa ili ilainike, na kwa kutwangwa hutoboka. Wajuzi wa sanaa husema kwamba wanawake wa Kikuba walishona viraka juu ya matundu hayo, na kadiri miaka ilivyopita viraka vikawa pambo, vikapachikwa hata pasipo tundu. Basi uzuri uliozaliwa na kasoro si uwongo. Kiraka chao kilifunika tundu kama mlima wangu, ila kilishika nguo.

Hapo, msomaji, ndipo njia mbili zinapoachana. Azibaye huirudishia nguo nguvu zake. Afichaye humwondolea mtazamaji shaka tu, na udhaifu hubaki ulipokuwa. Huenda ukaniuliza kama ni wajibu kumtangazia kila mtu kasoro zetu. La, sivyo. Kosa lililotengenezwa halihitaji mbiu ya mgambo. Lakini mtu atakayelala chini ya kazi yako ana haki ya kujua palipo dhaifu, kwa kuwa baridi itampata yeye, si wewe.

Nawe utakuwa na shuka lako: hesabu usiyoielewa uliyonakili kwa jirani, au ugomvi na rafiki uliofunikwa kwa kicheko. Kabla hujapachika ua juu yake, pitisha kidole chini uone kama nguo ni nzima. Ikiwa si nzima, chukua jioni zako mbili ukaitengeneze.