Mkoko Unaokunywa Bahari

Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi ya gramu 35 hivi. Yamwagie mahindi shambani, yatanyauka. Lakini kuanzia Lamu hadi Rufiji mikoko imesimama ndani ya maji ya chumvi, yakijaa na kupwa mara mbili kwa siku, na majani yake ni mabichi, yanang'aa.

Inakunywa hapo hapo ilipo. Mzizi wa mmea, hata wa mchicha, una mkanda wa ndani usiopitisha maji, unaoziba nafasi zilizo kati ya seli na seli. Mjerumani Robert Caspary aliueleza mwaka 1865. Maji hayana uchochoro. Lazima yapite ndani ya seli hai, na seli huchagua. Kwa mkoko ulinzi huo umezidishwa, hata zaidi ya sehemu tisa kwa kumi za chumvi hubaki nje.

Kuchuja huko kunataka nguvu, maana maji kwa tabia yake hukimbilia penye chumvi nyingi. Kuyatoa baharini kunahitaji mvuto wa mara 25 hivi ya mgandamizo wa hewa inayotuzunguka. Mwaka 1965 Per Scholander na wenzake walichapisha vipimo vyao: walikata vitawi, wakavifungia ndani ya chombo cha chuma, wakaongeza gesi mpaka maji ya mti yakachungulia kwenye mkato. Kwa mikoko walipata 35 hadi 60. Tairi la gari dogo hujazwa mbili na ushee! Na nguvu yote hiyo inatokana na jua kukausha jani: maji yanayotoka juu huyavuta yaliyo chini yake, bila kukatika, hadi matopeni. Ametukuka aliyeupanga mti hivi.

Mchu, jirani yake, huruhusu chumvi kidogo iingie, kisha huitoa majanini. Pitisha kidole juu ya jani mchana wa jua, utahisi punje zake.

Kinachonishangaza kupita yote ni potasiamu. Mti unaihitaji, na katika lita ya bahari haifiki hata nusu gramu, huku sodiamu, inayofanana nayo mno, ikizidi gramu 10. Utando wa seli za mzizi una vilango vya potasiamu, na sodiamu hukataliwa pale ingawa ndiyo ndogo. Kila chembe huja imezungukwa na maji. Potasiamu huyavua mlangoni, kwa kuwa kuta za kilango zinaitosha na kuipokea barabara. Sodiamu, kwa udogo wake, haizifikii kuta hizo, basi haiachani na maji yake, na haipiti.