Ua la Mwituni na Jicho la Muumini

Bismillahi Rrahmani Rrahim.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Muumba wa mbingu na ardhi, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya haya:

Masika yamekwisha, na vilima vya Shimba, kwa mwenye kuvuka Likoni akapanda njia ya Kwale, vimevaa nguo ya kijani. Baadhi ya vijana wa darasa yetu wana ada ya kwenda huko kila baada ya mvua. Hutembea kwa miguu pamoja na askari wa hifadhi, wakatazama miti na maua ya mwituni, na maua hayo wakayapiga picha kwa simu zao. Karibuni mzee mmoja aliwakemea kwa mambo mawili: kwamba kutembea maporini ni upuuzi usiomfaa Muislamu, na kwamba kila picha ni haramu. Vijana wametuletea maswali haya, nasi twajibu kwa kadiri ya ilimu yetu na kwa heshima ya mzee wetu, kwani hapana shaka hakusema ila kwa kuwaonea uchungu.

Ama la kwanza, yaani kutembea na kutazama, hilo si upuuzi. Katika Sura ya Al-Ankabut, aya ya 20, Mwenyezi Mungu anatuamrisha twende katika ardhi tuangalie vipi alivyoanza kuumba. Katika Al-Ghashiya anatuuliza kwa nini hatumtazami ngamia, na mbingu, na milima, na ardhi ilivyotandazwa. Na katika Aal Imran, aya ya 190 na 191, amewasifu wenye akili kuwa ni wale wanaomkumbuka wakiwa wamesimama, wameketi na wamelala, na wanaofikiri juu ya uumbaji wa mbingu na ardhi. Imepokewa kuwa aya hizi zilipoteremka, Mtume (s.a.w.) alilia usiku kucha, kisha akamwonya mwenye kuzisoma asizifikiri. Na imepokewa pia kwamba mvua iliponyesha aliifunua nguo yake ili imguse mwilini, kwa kuwa imetoka karibuni kwa Mola wake.

Basi sisi tunaozisoma aya hizi kila mwezi wa Ramadhani, ni wangapi kati yetu waliowahi kutoka nje ya mji kwa nia ya kuzitii? Twaishi baina ya kuta, twatoka nyumbani kwenda dukani, na dukani kwenda msikitini. Mvua kwetu ni matope ya mtaani, na wala hatujui imeotesha nini.

Natuchukue mfano mmoja. Liko ua la mwituni katika vichaka vya pwani yetu, ambalo wataalamu huliita Gloriosa superba. Petali zake sita ni nyekundu zenye kingo za manjano, nazo zimepinda kurudi nyuma mithili ya ndimi za moto. Mmea wake hauna shina la kusimama peke yake, lakini Muumba amezifanya ncha za majani yake kuwa kama vidole, zikajizungusha katika matawi ya wenzake ukapanda. Wakati wa ukame haulioni hata jani moja. Kilichobaki ni kiazi tu kilicholala chini ya udongo mkavu, nawe wapita juu yake usijue. Mvua ikishuka, kinafufuka. Kiazi hicho kina sumu ya kuua, na ndani ya sumu hiyo hiyo mna dawa itumiwayo na matabibu kwa maradhi ya jongo. Katika Sura ya Qaf, Mwenyezi Mungu baada ya kutaja mvua na mimea na ardhi iliyokufa ikahuishwa, anatuambia kuwa kufufuliwa kwetu kutakuwa vivyo hivyo. Nani aliyeielewa zaidi aya hiyo: aliyeisoma tu, au aliyeisoma kisha akachutama mbele ya ua lile?

Wala si lazima kwenda mbali. Mbuyu ulio pembezoni mwa mji hufungua ua lake jeupe jua linapokuchwa, popo wakalijia usiku kunywa utamu wake na kuchukua chavua, na kabla ya siku kupita ua limeanguka. Lakini wengi wetu mbuyu twaukimbia kwa khofu ya pepo, na wengine hupeleka ubani na vitambaa chini yake. Subhanallah! Mti ulioumbwa uwe dalili ya Mungu mmoja, tumeugeuza ukawa mlango wa ushirikina. Anayeujua mbuyu kwa macho yake na akili yake hatauogopa wala hatauomba.

Ama la pili, yaani picha. Wanavyuoni wamekhitalifiana katika sura za vyenye roho, na maneno yao ni marefu. Lakini miti na maua hayamo katika khitilafu hiyo kwa wanavyuoni walio wengi. Katika Bukhari na Muslim imo khabari ya mtu aliyekuwa akipata riziki yake kwa kuchora sura, akamwendea Ibn Abbas (r.a.). Naye, baada ya kumwonya vikali, alimwelekeza kwamba akiwa hana budi, basi achore miti na visivyo na roho. Na kwa upande wa kamera, Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyeshika cheo cha Mufti wa Misri mwaka 1914, aliandika risala akabainisha kuwa picha ya kamera ni kukizuia kivuli tu, kama mtu ajionavyo katika kioo. Kwa hivyo mwenye kulipiga picha ua hana dhambi kwa jambo hilo.

Tena wako waliotutangulia. Rashid al-Din al-Suri, tabibu aliyezaliwa mwaka 1177 katika mji wa Sur, alikuwa akipanda milima ya Lebanon kutafuta mimea, na hufuatana na mchoraji aliyebeba rangi za kila namna. Humwonyesha mmea ungali mchanga akauchora. Humrudisha ukiisha kukomaa na kutoa mbegu, akauchora. Na humrudisha tena umekauka, akauchora. Yote hayo ni ili anayesoma kitabu chake aujue mmea ule kwa kila hali. Je, wanalofanya vijana wetu, si ndilo hili?

Lakini ilimu hiyo tuliiacha, wakaiokota wengine. Mwaka 1892, Baron Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa na cheo cha serikali upande wa Tanga, aliliona ua dogo la zambarau mwambani penye kivuli, akapeleka mbegu zake kwao. Mwaka uliofuata likaandikwa katika vitabu kwa jina la ukoo wake, Saintpaulia. Leo lauzwa katika vyungu Ulaya na Marekani, na huko kwao, katika milima ya Usambara, misitu yake inakatwa. Hatusemi haya kwa kumhusudu. Yeye alitazama, akapata. Babu zetu wangapi walipita mbele ya mwamba ule? Na sisi leo twapita mbele ya miamba mingapi?

Sasa, enyi vijana, baada ya kukutetezeni, sikilizeni nanyi. Kutembea huku ni ibada kwa mwenye nia, na ni mchezo kwa asiyekuwa nayo. Tumewaona watu wakilikanyaga bustani zima la maua ili wapate picha ya nyuso zao, ua likawa pambo la uso wa mtu. Aliyekwenda hivyo amekwenda kujitazama mwenyewe, na kioo cha nyumbani kingalimtosha. Wengine hulichuma ua, wakalishika kwa muda wa picha, kisha wakalitupa. Katika Sura ya Al-Israa tumeambiwa kuwa hakuna kitu kisichomsabihi Mola wake, ila sisi hatufahamu tasbihi zao. Basi iweje umnyamazishe mwenye kusabihi bila ya haja? Na wengine huacha mifuko na chupa njiani, ilhali kuondoa udhia njiani ni katika imani. Wala msiikose Sala ya Adhuhuri kwa kisingizio cha safari. Mtume wetu amefanyiwa ardhi yote kuwa mahali pa kusujudia, na huenda sijida yako juu ya kilima kile ikawa ndiyo faida kubwa ya siku yako.

Nanyi wazee, msiwaachie vijana peke yao. Fuataneni nao, na wachukueni wake zenu na binti zenu kwa stara na adabu, kwani aya za kutafakari hazikuteremka kwa wanaume tu. Vuli ikija, chagueni siku moja. Kabla ya kuinua simu, mtu naasimame kitambo alitazame ua kwa macho yake, aseme Subhanallah, kisha ndipo apige picha yake.

Na mkirudi nyumbani mkazifungua picha hizo, kumbukeni kuwa maua mnayoyaona yameshakauka. Katika Sura ya Yunus, aya ya 24, maisha ya dunia yamepigiwa mfano wa mimea iliyostawi kwa mvua ikapamba ardhi, kisha ikawa kama kwamba haikuwapo jana. Picha imebaki, ua limekwenda. Na aliyepiga picha naye yu njiani. Kiazi kiko chini ya udongo chaingoja mvua yake, nasi tutakuwa chini ya udongo tukiingojea amri ya Mola wetu.

Ewe Mola wetu, hukuyaumba haya bure. Tupe macho ya kuona na nyoyo za kuzingatia, na utukinge na adhabu ya Moto. Amin.

Wabillahi ttawfiq.