Vimeundwa na Nani?

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, vimeundwa. Tangu utotoni nimeisikia methali hii pwani kila kinapopita chombo kizuri, na aghalabu husemwa kwa nia ya kusifu kazi. Anayeisema hutukumbusha kwamba nyuma ya kila kitu kizuri pana jasho. Naam, ni kweli. Lakini methali huishia hapo. Haituambii vimeundwa na nani, wala aliyeunda alipata nini, wala kama alikuwa na hiari ya kuweka chini zana zake na kwenda nyumbani. Maswali hayo niliyakwepa kwa miaka mingi, mpaka mazulia mawili yaliyomo nyumbani mwangu yaliponilazimisha kuyakabili.

La kwanza ni la marehemu baba. Alilinunua mwaka 1957 katika Bandari ya Kale, Mombasa, kwa baharia wa jahazi lililotoka Ghuba. Siku hizo, kaskazi ilipovuma, majahazi yalikuja na tende, chumvi na mazulia ya Uajemi, kisha yakarudi kwa kusi yakiwa yamesheheni boriti. Zulia lenyewe ni jekundu lililoiva, na baharia alisema limefumwa na watu wa pande za Shiraz. Baba alitoa pesa iliyokuwa imewekwa kwa ajili ya paa, na mama hakusema naye kwa siku mbili.

Hata hivyo, mama ndiye aliyelitunza. Kila baada ya miezi michache alilizungusha, upande wa mlangoni ukaenda dirishani, ili nyayo na jua visile mahali pamoja. Hakuruhusu likunjwe kama shuka, maana mkunjo huvunja nyuzi za msingi. Lilipohamishwa lilivingirishwa kama mkeka. Kahawa ilipomwagika, alikandamiza kitambaa cheupe kikavu juu ya doa mpaka likanyonywa, wala hakusugua, kwa kuwa kusugua hulipeleka doa ndani ya sufu. Chini ya kabati, mahali asipopita mtu, ndipo alipokagua kwanza, kwa sababu nondo hupenda giza na utulivu.

Siku moja alinikuta nikilichapa kwa fimbo upande wa maua ili kutoa vumbi. Akaninyang'anya ile fimbo. "Mwanangu, zulia halipigwi uso," alisema. "Ligeuze ulipige mgongo. Kuna mtu alikaa akautazama uso huu miezi na miezi." Mama hakuwahi kufika Shiraz, wala hakujua mfumi ni mwanamke au mwanamume. Lakini alijua yupo. Mimi nilichukua kanuni ya fimbo, nikamsahau yule mtu.

Mwaka 1993 nilipita Dubai kwa biashara zangu ndogo ndogo. Katika duka moja la Deira, muuzaji aliyekulia Unguja alinitandikia zulia la Pakistan lenye nakshi iitwayo Bokhara, safu za maumbo ya pembe nane ambayo wauzaji huyaita nyayo za ndovu. Nilijiona mjuzi. Nililigeuza nikayatazama mafundo mgongoni. Nikapitisha kitambaa cheupe chenye maji juu ya ile nyekundu kuona kama rangi inatoka. Nikahakikisha kwamba matamvua ni ncha za nyuzi za msingi zenyewe, si kitu kilichoshonewa baadaye. Vyote vilikuwa sawa, na bei ilikuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Nikauliza kwa nini.

"Sheikh yangu," alijibu huku akicheka, "hivi ni vidole vidogo. Vidole vidogo, mafundo madogo, bei ndogo."

Nikacheka naye. Nikalipa. Kicheko kile ndicho kilichonifanya niandike insha hii.

Miaka miwili baadaye, Aprili 1995, habari za Iqbal Masih zilienea duniani. Mtoto huyu wa Pakistan alitolewa kwa mwenye karakana ya mazulia akiwa na umri wa miaka 4 hivi, ili familia yake ipate mkopo wa rupia 600. Alifuma kutwa nzima, na deni badala ya kupungua likazidi kukua. Baada ya kuponyoka alisema hadharani juu ya watoto wenzake, akafika hata Marekani kueleza, kisha akauawa kwa risasi kijijini kwao, akiwa na umri wa miaka 12 hivi. Sheria ya Pakistan ya kukomesha kazi ya kulipia deni ilikuwa imepitishwa mwaka 1992. Yaani mimi nilipocheka dukani, sheria ilikuwa imeshatimiza mwaka.

Usiku ule nilichukua rula nikaligeuza tena zulia langu. Katika sentimita 10 nilihesabu mafundo 45 kwa upana, na 45 kwa urefu. Zulia lina urefu wa mita 1.8 na upana wa mita 1.2. Fanya hesabu, msomaji: ni mafundo zaidi ya laki nne. Mfumi mzima anayefunga mafundo 6,000 kwa siku angehitaji siku zaidi ya 70. Je, mtoto alihitaji ngapi? Sikuwa na hakika kwamba alilifuma mtoto, na hata leo sina. Pengine muuzaji alitania tu. Lakini hilo haliniokoi. Niliambiwa kwamba ni kazi ya watoto, nikaona ni sababu nzuri ya kununua.

Basi nilifanyie nini? Wazo la kwanza lilikuwa kulichoma. Nikajiuliza: moto huu utamrudishia nani siku zake? Mafundo yale ndiyo pekee yaliyobaki ya kazi ya mtu huyo. Kuyachoma ni kumpora mara ya pili ili mimi nijisikie safi. Wazo la pili lilikuwa kuliuza. Lakini kuuza ni kumhamishia mwingine aibu yangu, tena kwa faida. Wazo la tatu ndilo la hatari zaidi, kwa kuwa lina sura ya huruma: kwamba tusiponunua, familia zile zitalala njaa. Wafanyabiashara hulipenda sana wazo hili. Lakini njaa ya mzazi ndiyo hasa iliyomweka mtoto rehani, na bei yangu ndogo ndiyo iliyoiendeleza. Hata sifa ya vidole vidogo ilikuwa uongo. Uchunguzi uliofanywa India katika miaka ya 1990 kwa ajili ya Shirika la Kazi Duniani ulionyesha kwamba mafundo bora si kazi ya watoto. Watu wazima huyafunga vizuri vilevile.

Hapa msomaji anaweza kunishika. Atauliza: na zulia la baba je? Huko nako hapakuwa na mtoto? Pengine alikuwepo. Ufumaji wa mkoa wa Fars, ambao mji wake mkuu ni Shiraz, uliingizwa mwaka 2010 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni, na inaelezwa kwamba huko wanaume hukata sufu na kuunda vitanda vya kufumia, wanawake husokota, hutia rangi na kufuma, na mama humfundisha binti yake. Kwa hiyo yumkini msichana alikaa kando ya mama yake akafunga mafundo ya zulia la baba yangu. Ukiwapiga picha, yeye na Iqbal wamekaa vilevile, mgongo umeinama vilevile. Tofauti ni nini?

Nimelifikiri hili kwa muda mrefu, na jibu langu ni hili: mmoja anaweza kuinuka. Akichoka, akiitwa kula, akienda shule, uzi humngoja. Na anachojifunza kinakuwa chake. Hakuna awezaye kukishika rehani. Mwingine akiinuka, deni humrudisha. Lakini sitaki kujidanganya. Nyumbani nako mtoto anaweza kufungwa, tena na anaowapenda, na mimi sikuwepo kuona. Kwa hiyo simtukuzi baba kwa sababu ya zulia lake. Nasema tu kwamba swali si umri wa vidole. Swali ni kama mwenye vidole alikuwa na mlango wa kutokea.

Wako wafumi wachache wanaojulikana kwa jina. Zulia kubwa la Ardabil, lililonunuliwa na makumbusho ya Victoria and Albert ya London mwaka 1893, lina jina la Maqsud wa Kashan na mwaka 946 wa Hijria. Lakini zulia lile lina urefu wa zaidi ya mita 10, na mikono yote iliyolifunga imekuwa jina moja. Wengine hawakutajwa. Kwetu sisi wanunuzi wadogo, hakuna hata hilo moja.

Mazulia yote mawili yamo nyumbani mwangu, na nayatunza kwa kanuni zilezile za mama. Nayazungusha, nayakagua chini ya kabati, nayapiga mgongo. Sisemi kwamba utunzaji huu unalipa deni. Mfumi halipwi kwa kufutwa vumbi. Ila mgeni akilisifu lile la nyayo za ndovu, sijibu tena kwamba nililipata kwa bei nzuri. Namweleza nilivyocheka. Wengine hunyamaza, wengine hubadilisha mazungumzo, na mmoja aliniambia nimemharibia kahawa yake.

Binti yangu alipoolewa alitaka zulia la ukumbini. Tulitafuta lenye alama ya GoodWeave, iliyoanzishwa mwaka 1994 kwa jina la RugMark, ambayo wakaguzi wake huingia kwenye karakana bila kutoa taarifa ili kutafuta watoto. Bei yake ilikuwa juu kuliko tulivyopanga. Mwenye duka akatuonyesha jingine, kubwa zaidi na rahisi zaidi, lisilo na alama. Binti yangu akamwuliza, "Hili limefumwa na nani?" Akajibu kwamba hajui, wateja hawaulizi.

Tulinunua lenye alama, lakini dogo. Halijazi ukumbi, sakafu inaonekana pande zote.