Kuomba kwa Ajili ya Wote

Watu waliolelewa kwa murua hufunzwa mapema kwamba kuomba ni udhia, na kwamba mkono unaopokea hauna hadhi sawa na mkono unaotoa. Nao, wakiisha kukua na kupata nafasi katika chuo kikuu, huingia dahalia na funzo hilo moyoni, wakaona kwamba kulalamikia mtandao usiofika chumbani, au printa iliyokaa muhula mzima bila wino, ni utovu wa shukrani kwa waliowapa kitanda na paa. Je, ndivyo? Mtu aombaye chombo cha elimu katika nyumba ya elimu hupungukiwa kitu katika utu wake, au kunyamaza kwake ndiko kunakompunguzia? Swali hili, japo limezuka katika jambo dogo la printa na intaneti, ni swali kongwe la adili, nalo lastahili jibu la utulivu.

Tutazame kwanza hali ilivyo. Katika dahalia moja jijini Dar es Salaam nilimwona msichana wa mwaka wa tatu amesimama ngazini, baina ya ghorofa ya pili na ya tatu, kompyuta ameipakata kwa mkono wa kushoto, na kidole cha mkono wa kulia kinabonyeza na kubonyeza tena kitufe cha kutuma. Kazi yake ilikuwa imekamilika tangu alasiri, lakini mfumo wa chuo ungefunga kupokea kazi saa sita usiku, bando la simu yake lilikuwa limekwisha, na hapo ngazini ndipo pekee waifai ilipofika. Kazi ikapokewa, alhamdulillahi, dakika chache kabla ya saa. Asubuhi yake mhadhiri akataka nakala ya karatasi, na kwa kuwa printa ya dahalia ilikuwa imebandikwa kijikaratasi cha kusema ni mbovu, ikamlazimu kutoka nje ya lango hadi steshenari, apange foleni, aichomeke flashi yake katika kompyuta inayoingiwa na flashi za watu wote na virusi vyao, kisha alipe kwa kila ukurasa fedha ambazo zingekuwa chakula chake cha mchana.

Wala si kwamba maradhi haya hayana tabibu. Chombo kimoja cha kurushia mawimbi, kikifungwa ukumbini ili kihudumie jengo zima, huzihudumia simu na kompyuta kwa zamu, hata zikiwa nyingi mno kila moja hupata fungu lisilofaa kitu. Na kuta za zege hunyonya mawimbi yale kabla hayajafika vyumba vya mwisho. Printa nayo ina magurudumu ya mpira ambayo huchakaa, na karatasi iliyoachwa wazi katika unyevu wa pwani hujikunja na kukwama ndani. Yote haya fundi huyajua, na dawa zake zinauzwa: vyombo zaidi vilivyogawanywa kwa ghorofa, magurudumu mapya, kabati la kuhifadhia karatasi, na mtu mmoja mwenye dhamana ya kuvitazama. Hapo kale pwani yetu ilikuwa na udhuru, kwa maana vyuo vyetu vilitegemea setilaiti kwa gharama nzito. Lakini tangu mwaka 2009, waya wa intaneti wa SEACOM, upitao chini ya bahari, ulipotia nanga Mombasa na Dar es Salaam, udhuru huo umepungua sana, na inasikitisha kwamba waya uliovuka bahari umeshindwa kupanda ngazi za ghorofa ya tatu.

Wako watakaosema kwamba subira ni bora. Naam, subira ni katika tabia tukufu za binadamu, ila ina mahali pake: mtu husubiri msiba usioondoleka, na husubiri jambo alilokwisha kulifanyia juhudi yake yote; bali kunyamazia dosari iondolewayo kwa barua moja na mazungumzo ya staha ni uzembe uliojivika joho la subira. Tena yafaa tukumbuke kwamba mtandao mbovu hauwaumizi wote sawasawa. Mwana wa tajiri hununua bando kubwa, akaweka printa yake chumbani, wala hajui kwamba dahalia ina upungufu; yule anayesoma kwa mkopo wa Serikali, ambaye fedha za kujikimu huchelewa na zikifika zina wadai, ndiye anayesimama ngazini usiku. Kwa hiyo, mwenye nafasi akinyamaza kwa kuwa yeye yamemnyookea, hajasubiri juu ya dhiki yake mwenyewe, amesubiri juu ya dhiki ya mwenziwe, na subira ya namna hiyo haigharimu kitu wala haina thawabu.

Na dini zasemaje? Uislamu wachukia tabia ya kuombaomba, kwa kuwa huuvunja uso wa mtu. Lakini wanazuoni wametenga katika karaha hiyo mambo mawili, nayo ni dharura isiyo budi, na kumwendea mwenye mamlaka kwa jambo lililo katika mamlaka yake, maana mali iliyo mikononi mwake si yake, ni amana ya umma. Wakristo nao wanasimuliwa katika Injili ya Luka habari ya mjane aliyemwendea kadhi dhalimu mara kwa mara, asichoke, hata akapewa haki yake. Na mjane yule hakulaumiwa kwa usumbufu, bali aliwekwa kuwa mfano. Katika mafundisho yote mawili fedheha haimkuti mwenye kuuliza habari za amana, humkuta aliyekabidhiwa amana akailalia.

Waliotutangulia walilijua jambo hili kwa vitendo. Waziri Nidhamul-Mulki alipojenga madrasa yake ya Baghdad, iliyofunguliwa mwaka 1067, hakuridhika kuweka walimu na vitabu tu, aliwawekea wanafunzi makazi na posho. Na wanafunzi waliokaa katika riwaki za Al-Azhar, kule Cairo, walilishwa mkate kwa karne nyingi kutokana na mapato ya wakfu. Kwetu pwani, Habib Swaleh wa Lamu, aliyeasisi madrasa ya Riyadha, aliwafungulia mlango wa darasa hata watumwa na wana wa watumwa, akathibitisha kwamba nyumba ya elimu haina budi kumsitiri mnyonge kabla ya mwenye uwezo. Katika hati za wakfu za zama zile, pamoja na mishahara ya walimu na mikeka ya kukalia, aghalabu yaliandikwa mafuta ya taa, kwa sababu waliojiwekea akiba ya akhera walifahamu kwamba mwanafunzi asiye na taa usiku hana kitabu. Intaneti ndiyo mafuta ya taa ya zama hizi, na anayeyaomba haombi anasa.

Lakini iko hoja ya upande wa pili, nayo ni nzito, wala si insafu kuipita. Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali na kurudi na msaada. Je, mtu wa namna hiyo ana haki gani ya kuomba tena, hali mkulima aliyemlipia hana hata taa? Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo kikuu cha Mlimani, Dar es Salaam, na wenzao waliandamana hadi Ikulu kuyapinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu akawafukuza zaidi ya 300, na siku ile ile akaahidi kuupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, kwa kuwa lawama yao juu ya mishahara mikubwa ya wakubwa aliiona ina ukweli ndani yake. Mimi nayaona mafunzo mawili katika habari hiyo. La kwanza ni kwamba dai la msomi hupimwa kwa faida litakayomletea yule aliyemtuma, na dai lisilopita mlango wa mwenye kudai huanguka lenyewe. La pili ni kwamba neno la kweli humgusa hata mkubwa aliyekasirika, akajisahihisha. Kwa mizani hiyo, ombi la printa na mtandao linasimama imara. Maana aliyekula chakula cha kijiji akapoteza nusu ya usiku akitafuta mawimbi, na nusu ya asubuhi akipanga foleni ya kuchapisha, huyo anakipoteza chakula cha kijiji pasipo kosa lake, na anayemzuilia nyenzo ndiye anayemdhulumu mkulima.

Basi kuomba kuna adabu zake. Waombao waandike ukweli usiotiwa chumvi: ghorofa zipi hazifikiwi, saa zipi mtandao hulemewa, printa imesimama tangu lini, na wanafunzi wasio na uwezo hutumia kiasi gani huko steshenari. Waombe kinachotosha, wala wasiombe kinachopendeza. Wasiende kwa matusi, kwani neno la haki likisemwa kwa jeuri humpa mwenye hatia pa kujifichia. Nao wajifunge kwa ahadi: kwamba juma la mitihani hawatausonga mtandao wa wote kwa kupakua filamu, kwamba karatasi haitachezewa, na kwamba chombo kitakachokuja kitatunzwa, maana aombaye kwa jina la wote kisha akatumia kwa pupa yake amekhini mara mbili.

Na aombwaye ana dhima yake. Fedha za chuo zina mipaka, na msimamizi wa dahalia si mwenye hazina. Hakuna mwenye akili atakayemlaumu kwa kusema kwamba mwaka huu haiwezekani, endapo atasema kwa nini, na lini itawezekana, na mpaka hapo kitafanywa nini. Alaumiwe anayeipokea barua akaitia katika mtoto wa meza, akangoja muhula uishe na walioandika wahitimu, ili ombi life bila ya yeye kulikataa. Jibu la hapana lenye sababu humheshimu mwombaji. Kimya humdharau, na kumfundisha kijana, katika umri ule ule anaojifunza uraia, kwamba kusema na wakubwa ni kazi bure. Kijana aliyefunzwa hivyo naye atakuwa mkubwa siku moja, na atawafanyia wengine alivyofanyiwa.

Kwa hayo, jibu langu ni hili: anayeomba kwa ajili ya wote, kwa ukweli na kwa staha, kitu kilicho amana mikononi mwa mwingine, hapungukiwi hadhi hata kidogo, amemkumbusha mwenzake wajibu wake, na kumkumbusha mtu wajibu wake ni hisani. Enyi wakazi wa dahalia, andikeni barua yenu, mtie sahihi wenye nacho pamoja na wasio nacho, na wa kwanza kutia sahihi awe yule ambaye mtandao wake haujapata kukatika.