Mnapanda Bisesero Mkicheka

Sikieni, watu wa Butare, na ninyi wa Nyakabuye, wa Bugarama na wa Kamembe, nyote mnaochanga pesa mkakodi basi kwenda Bisesero. Muziki mnaufungulia tangu stendi. Nyamasheke mnaipita mkiimba na kupiga makofi. Mkifika, mnapanda ile njia ya ukumbusho mbio, mkishindana nani atatangulia kileleni. Nani aliwafundisha kukimbia juu ya makaburi?

Mwongoza wageni anaanza kusimulia, na kabla hajamaliza sentensi ya pili nusu yenu mmeshageuka kulitazama ziwa Kivu kule chini. Kijana anasimama karibu na mikuki iliyowekwa pale kwa kumbukumbu, anakunja uso kama askari wa sinema, wenzake wanampiga picha, anaiangalia, haijampendeza, anataka nyingine. Dada mmoja anaokota jiwe dogo na kulitia kwenye mkoba, eti la kumbukumbu. Haoni aibu. Wala hakuna anayemwambia neno.

Basi niwaambie jiwe ni nini mahali pale. Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yalipoenea mkoa wa Kibuye, wafugaji wa Bisesero walipanda vileleni, na maelfu waliokimbia kutoka pande zote wakawafuata. Hapakuwa na ukuta wala handaki. Ngome yao ilikuwa mteremko wenyewe, na risasi zao zilikuwa mawe. Wanawake na watoto waliyaokota na kuyakusanya, wanaume wakayarusha. Mzee Aminadabu Birara aliwapanga: laleni chini, msijitikise, mwacheni adui aingie katikati yenu, kisha inukeni mjichanganye naye, ili mwenye bunduki ashindwe kufyatua kwa kuhofia kumpiga mwenzake. Kwa majuma kadhaa wakulima na wachungaji wasio na chochote waliwarudisha nyuma watu wenye bunduki na maguruneti. Tarehe 13 Mei likaja shambulio kubwa, na maelfu wakafa siku hiyo na kesho yake. Birara mwenyewe aliuawa mwezi Juni. Tarehe 27 Juni wanajeshi wa Ufaransa walifika, waliosalia wakatoka mafichoni kuwalaki, wanajeshi wakaondoka kwa ahadi ya kurudi. Walirudi tarehe 30. Katika siku hizo tatu wauaji waliwasaka wale waliokuwa wamejionyesha. Waliobaki hai hawakuzidi sana elfu moja, kati ya makumi ya maelfu.

Hilo ndilo jiwe ulilolitia kwenye mkoba, dada yangu.

Na kuna jambo ambalo mwongoza wageni huenda asilitaje kwa heshima ya wageni wake, nami sitalinyamazia. Watu wa Bisesero walipokataa kufa upesi, wauaji waliomba msaada, na msaada ukatoka kwetu. Vikosi vya Interahamwe, wanamgambo wa mauaji hayo, vilitoka huku kwetu Cyangugu vikapelekwa kule kwa mabasi na malori. Walipita wakiimba. Ninyi mnatoka upande uleule, mnakwenda kilima kilekile, na nyimbo mdomoni! Hamkuwa mmezaliwa, wengi wenu, wala damu hiyo haimo mikononi mwenu. Lakini mtoto anayejua alikotoka hafiki mlangoni kwa aliyefiwa akicheza.

Msidhani nawakaripia vijana peke yao. Enyi wazazi, ni ninyi mliowapa nauli mkawanyima habari. Mnawapeleka watoto Karongi kuona kilima ambacho tangu 2023 UNESCO imekiweka katika urithi wa dunia, na hamjawahi kuwapeleka Mibilizi, ambako hakuhitaji basi la kukodi. Hamjawapeleka Shangi. Je, wanajua kwamba Yussuf Munyakazi, kiongozi wa Interahamwe wa Bugarama, alihukumiwa na mahakama ya kimataifa kule Arusha mwaka 2010 kwa mauaji ya parokia hizo mbili, ya tarehe 29 na 30 Aprili 1994? Wanajua kwamba pale Shangi, karibu karne nzima kabla, mwaka 1896, jeshi la Rwanda lenye mikuki na mishale lilipambana na bunduki za Wabelgiji likashindwa? Mtoto hajui, kwa kuwa nyumbani mkiulizwa mnasema: hayo yamepita, kula ulale. Ukimya wenu ndio uliomfundisha kupiga picha akicheka.

Mtu akiwa na jamaa yake aliyezikwa pale, anawaona. Wapo manusura wanaoishi palepale chini ya kilima, wanaochunga ng'ombe kwenye malisho yaleyale, na kila basi likipanda na spika linapita mbele ya nyua zao. Hawawatukani. Wanawatazama tu mpaka mnashuka.

Acheni. Kama ni ziwa mnalitaka, fukwe za Kivu ni nyingi, nendeni mkaogelee na mpige muziki wenu. Atakayepanda Bisesero azime muziki kabla basi halijaiacha barabara kuu, apande polepole, amsikilize anayesimulia hadi mwisho, kisha aulize majina ya watu, kwa kuwa walikuwa na majina. Na kila aliyewahi kushuka na jiwe, liwe kabatini au juu ya televisheni, alirudishe mwenyewe, kwa mkono wake, amweleze mwongoza wageni alilitoa wapi.